Mwizi wa Kila Ijumaa

Jumatano, 27 Novemba

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana, si ya kupandia, ya kulaza vumbi tu. Nimenunua daftari hili dukani hapa Lizaboni, Songea, kwa sababu vitu vimeanza kupungua ndani ya nyumba ya baba yangu. Mimi nimetunza stoo ya shule ya bweni kule Njombe miaka thelathini na moja, na kazi ile ilinifundisha jambo moja. Vitu havipotei. Vinachukuliwa.

Dadi ana miaka themanini na mbili. Aliendesha lori kati ya Songea na Tunduru enzi za barabara ya matope, mahindi kwenda, korosho kurudi, wiki nzima njiani. Sasa akitoka chooni hajui chumba chake ni kipi. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Nilipostaafu mwezi wa nane, mdogo wangu Beda alinipigia simu: "Dada, Dadi hawezi tena kukaa peke yake, na mimi na mke wangu tuna kazi." Nikaja.

Hanijui. Ananiita mama mpishi. Kila asubuhi namwambia, "Shikamoo Dadi, ni mimi Dorine, mwanao wa kwanza," naye anaitikia vizuri kabisa: "Marahaba, mama mpishi. Kwenu ni wapi?" Sidai makubwa. Kabla mahindi nitakayopanda nyuma ya nyumba hayajakauka, nataka aniite kwa jina langu mara moja tu.

Vilivyopungua mpaka leo: kofia yake ya udereva, rozari ya marehemu mama, betri mbili za redio.

Ijumaa, 29 Novemba

Kofia nimeiona. Imekuja yenyewe, juu ya kichwa cha mtu.

Saa nane mchana amebisha hodi mzee mwembamba mwenye kanzu, ametoka msikitini. Kichwani ana baraghashia, na juu ya baraghashia kavaa kofia ya Dadi, bila hata aibu. Nikamwamkia maana ni mkubwa. "Marahaba, Mngoni mdogo," akasema. "Mimi Daimu wa Nalasi. Nilikuwa utingo kwenye lori la baba yako miaka kumi na tisa. Siku hizi nauza korosho sokoni mjini." Jina nililijua tangu utoto, sura ilishanipotea.

Nikamuuliza kofia ile kaipata wapi.

"Nimeiteka," akasema, akapita kwenda barazani kwa Dadi.

Nikaenda kuchemsha chai. Mvua ikaanza kupiga bati, sikusikia hata neno moja la walichoongea. Nilichungulia dirishani. Dadi alikuwa anagonga fimbo chini, anamnyooshea kidole usoni. Yule mzee anacheka tu. Alipoondoka, kofia ilikuwa kwenye goti la Dadi, lakini miwani ya Dadi imo mfukoni mwa kanzu ile, nimeiona, kishikio chake kimoja kinaning'inia nje.

"Dadi, kulikoni?"

"Yule Myao mwizi. Daimu. Kaniibia miwani."

Najua Wayao ni watani wetu. Babu zetu walipigana, wajukuu wanataniana. Lakini utani niliouzoea ni wa msibani: mtani anajilaza kaburini, anadai kuku, watu wanacheka, basi. Utani wa kumchukulia miwani mzee asiyejua leo ni siku gani ni kichaka cha kujifichia. Na kama ni kwa sababu amerudisha kofia, mwizi anayerudisha ni mwizi anayepima.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua ya kupandia. Nimepanda mpaka mgongo umekataa.

Ijumaa, 6 Desemba

Kaja na miwani, kaondoka na redio. Ameibeba begani mchana kweupe, jirani wanamwona.

Kinachonichoma si redio. Dadi amekaa barazani jioni nzima anasema, "Daimu mwizi, Daimu mwizi, ngoja aje." Jina la Myao analo. Langu hana.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa amekuja wifi yangu Leticia, mke wa Beda, na maharage mabichi kwenye ungo. Kaosha vyombo bila kuombwa, na mtu anayeosha vyombo bila kuombwa ana lake. Haikupita muda akauliza, "Wifi, hati ya kiwanja mmeiweka wapi? Beda alikuwa anaulizia, isije ikaliwa na mchwa." Nikamwambia ipo. Sikumwambia ipo wapi. Ipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Dadi, ndani ya bahasha ya kaki, na funguo naning'iniza shingoni pamoja na msalaba. Usiku zinaniwasha, basi naziweka juu ya meza.

Jumapili, 22 Desemba

Rozari nimeikuta kwenye ndoo ya unga. Dadi hafiki jikoni. Leticia anafika.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Dadi kala pilau vizuri, kanishukuru. "Mama mpishi, Mungu akujalie watoto." Ninao wanne, na baba yao kazikwa mbele ya Dadi.

Alhamisi, 9 Januari

Palizi. Mahindi yamefika gotini. Mvua kila siku baada ya saa saba.

Ijumaa, 17 Januari

Leo nimeingia mimi kwenye orodha.

Daimu alikuja, karudisha redio, kachukua fimbo. Hilo nimelizoea. Baada yake kaja Beda, na Dadi akamvuta sikio. Nilikuwa nyuma ya pazia. "Kijana, kuna mwanamke humu ndani. Anapika, lakini mikono yake si mizuri. Spana zangu zote kabeba."

Spana aliziuza mwenyewe nilipokuwa naolewa, akanunulia kitanda changu. Beda akacheka, akasema, "Huyo ni Dorine, Dadi." Dadi akamwambia Dorine yupo shuleni.

Nimeosha miguu ya mtu huyu kwa mikono hiihii. Nimelia jikoni, nikajiambia ni moshi, na jiko lenyewe ni la gesi.

Jumatano, 29 Januari

Hakuna la kuandika.

Jumanne, 11 Februari

Hati haipo.

Nilifungua sanduku kuweka cheti cha kliniki. Kuna picha ya harusi, kuna leseni yake ya zamani, bahasha ya kaki hakuna. Nimetoa kila kitu, nimekung'uta blanketi, nimepiga magoti na tochi. Wanaoingia chumba kile ni watatu: mimi, Leticia akibadili shuka Jumapili, na Daimu akimsindikiza Dadi kulala. Leticia nimempigia simu. Kasema, "Wifi, mimi unaniuliza hivyo?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia, na kuna watu wanajua kuumia. Lakini Leticia hajawahi kutoka humu na kitu mkononi. Daimu hajawahi kutoka bila kitu.

Siku za mwizi ni arobaini. Nimehesabu kwenye daftari hili, Ijumaa zake ni kumi na moja.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika yote, sitaki kuacha kitu.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Rupert, mwenyekiti wa mtaa, nikamsomea daftari hili tangu mwanzo. Kofia, miwani, redio, fimbo, kandambili ya kushoto, kikombe. Alisikiliza ameshika kidevu. Nilipomaliza akasema, "Dada Dorine, huyu bwana ni Myao?"

"Ni Myao."

"Na nyie Wangoni?"

"Sisi Wangoni."

"Basi unanipa kesi ambayo sina kitabu chake. Mtani hashtakiwi."

Nikamwambia hati ya nyumba si kofia. Hapo akasimama, akachukua mwavuli, tukaja wote.

Daimu alifika saa yake ileile, kavaa kandambili moja ya Dadi mguu wa kushoto na kiatu chake kulia, anachechemea makusudi. Dadi alishaanza kujiinua kwenye kiti, uso umemchangamka. Nikasimama katikati yao. Nilisema kila kitu mbele ya mwenyekiti na mbele ya jirani wawili waliokuja kusikiliza. Nilimwambia amekuwa akimwibia mgonjwa. Nilimwambia utani wake nimeujua ni kichaka. Nikamwambia, "Lete hati ya baba yangu."

Hakujibu kwa utani. Ningependa angejibu kwa utani. Alivua ile kandambili, akaifuta matope kwa kanzu yake nyeupe, akaiweka mlangoni sambamba na mwenzake. "Hati siijui, mwanangu," akasema. "Mungu ni shahidi. Na kama nyumba hii nimekuwa mwizi kweli, basi sitakanyaga tena." Akamwamkia mwenyekiti, akaondoka na kiatu kimoja, mguu mwingine peku kwenye matope.

Dadi akaita, "Daimu! Daimu, mbona hujachukua kitu?"

Mzee Rupert alinitazama, akafungua mwavuli wake, akaenda bila kunywa chai.

Nimefanya nilichopaswa kufanya. Stoo ikipungua, unafunga mlango kwanza, maswali baadaye.

Ijumaa, 21 Februari

Tangu saa sita Dadi kavaa viatu, kofia kichwani, anatazama barabara. "Utingo hajaja?" Hajaja, Dadi.

Ijumaa, 28 Februari

Kavaa viatu. "Utingo hajaja?" Mahindi yametoa ndevu.

Ijumaa, 7 Machi

Kavaa viatu. Hakuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Leticia kaja na uji wa ulezi, maana Dadi sasa anakataa ugali, anakataa hata wali. Hatujasemezana sawasawa tangu ile simu. Kamlisha kijiko kimoja kimoja, nusu saa nzima. Dadi hajataja jina lolote juma zima, wala la mtu wala la mji. Zamani ukimtajia Namtumbo alikuwa anakupangia vituo vyote mpaka Tunduru. Leo Leticia alimtajia Namtumbo, akafumba macho tu.

Nimemtazama wifi yangu akimpangusa kidevu. Nimetafuta lake ni lipi, sijaliona.

Jumatatu, 10 Machi

Hati imeonekana.

Dadi alijikojolea kwenye kiti chake cha baraza. Nikamwinua, nikavua foronya ya mto anaoukalia ili niufue, na ndani ya mto, chini kabisa, ikatoka bahasha ya kaki. Imelowa pembeni, lakini maandishi yapo. Humohumo mna betri mbili za redio, na ufunguo wa lori ambalo lilishauzwa chuma chakavu.

Nikabaki nimesimama na mto unanuka mkononi. Nilikuwa mtoto wa dereva, ningepaswa kujua. Karatasi za gari hukaa chini ya kiti cha dereva. Kila mwezi wa utoto wangu nilimwona akiinua mto wa kiti cha lori, anatoa makaratasi kwa askari wa kizuizini, anayarudisha palepale, anayakalia. Kumbe usiku huzunguka nyumba nzima, hata jikoni. Funguo alizikuta mezani usiku mmoja, akaona karatasi zake zimekaa vibaya, akazipeleka mahali pake. Hajasahau kazi. Mimi ndiye niliyesahau.

Nimempigia Leticia kwanza. Nilisema nisamehe mara mbili. Akasema, "Yamepita, wifi. Mwizi wako wa Jumapili ni mimi, na nimeshakuzoea. Wa Ijumaa je?"

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda sokoni na jogoo kwapani, mvua inanyesha, mwavuli mkono mwingine. Huku kwetu, mtu akivunja utani anaukomboa kwa kuku. Hilo nilikuwa nalijua siku zote, na bado nilikwenda kwa mwenyekiti.

Daimu alikuwa nyuma ya masinia yake ya korosho, midomo imemkauka kwa saumu. Nilipiga goti palepale kwenye maji. "Shikamoo baba. Hati ilikuwa kwenye mto wake. Nimekukosea, na nimekukosea mbele za watu."

Alisogeza sinia moja, akalirudisha. Halafu akamtazama jogoo. "Mngoni anamshtaki Myao kwa mwenyekiti, kisha analeta jogoo mmoja, tena aliyekonda? Babu yako alikuwa analeta jeshi zima." Wauza dagaa wa pembeni wakaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia. Alinipa kigoda nikae.

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anachukua vitu.

"Mwaka jana nilikuja Ijumaa tatu, kila mara nakuta wewe umetoka," akasema, "na zote tatu akaniuliza mimi nani. Miaka kumi na tisa tumelala chini ya lori moja, ananiuliza mimi nani. Ya nne nikakasirika, nikamnyang'anya kofia, nikaondoka nayo. Ya tano nafika tu mlangoni: 'Daimu, mwizi wewe, lete kofia yangu.' Mtu anaweza kusahau rafiki, mwanangu. Mwizi wake hamsahau."

Nikamwambia tu kwamba mimi Dadi hanijui. Ilinitoka yenyewe.

"Wewe?" akasema. "Wewe ndiye mwizi wa kwanza wa kofia ile. Tukirudi safari unaipokonya, unakimbilia uvunguni mwa kitanda, hutoki mpaka akuite jina na kukutupia korosho. Mimi nilijifunza kwako."

Nilikuwa na miaka minne, mitano. Nilishasahau kabisa.

Nilipoinuka kuondoka, mwavuli haupo. Umesimama nyuma yake. "Huo nimeuteka," akasema. Nimerudi Lizaboni na mvua yote mwilini, na sikuudai.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja na mwavuli wangu. Dadi alikuwa na viatu, macho yametazama sakafu. Daimu hakumsalimia. Alikwenda moja kwa moja, akamvua kofia kichwani, akageuka kama anaondoka.

Nikahesabu moyoni mpaka kumi na nne.

"Myao," Dadi akasema. Sauti ilikwaruza. "Myao mwizi. Daimu. Rudi hapa."

Leticia alikuwa jikoni na mimi, tumeshikana mikono. Daimu alikaa mpaka magharibi. Nikampikia futari, na mimi niliyefunga Kwaresima nikala naye. Dadi kala ugali.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejaribu, na imeniharibikia. Mtoto hataniani na baba yake, huo ni utovu wa adabu, na nilijua. Nilimvua kofia nikasimama mbele yake nayo: "Dadi, ni Dorine, nimeiba kofia." Akalia. Mwanaume aliyevuka mto Ruvuma kwa kamba alilia, akasema, "Mama mpishi, hata kofia?"

Sijaribu tena.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Beda kaja, Leticia kaja, na Daimu kaja ingawa si Ijumaa. Kaiba sahani ya nyama.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zimekwisha. Baridi asubuhi. Majani ya mahindi yanapiga kelele yakiguswa, yamekauka. Muda niliojipa umekwisha na jina langu hajalitaja. Nimeshakubali. Namwosha, namlisha, naitwa mama mpishi, na kazi inafanyika.

Daimu, ambaye nilishamsimulia nilivyojaribu na ile kofia, kaniambia wakati anaondoka na kikombe, "Mngoni mdogo, ulimpelekea uso. Uso wako ni wa bibi kizee, hajawahi kuuona. Mwizi wake alikuwa uvunguni."

Nikamwambia nina miaka sitini na goti bovu.

Alhamisi, 8 Mei

Mchana, Dadi amekaa kitandani anaota jua la dirishani, kofia iko pembeni yake juu ya blanketi. Beda na Leticia hawapo. Sina wa kuniona, ndiyo maana nimefanya.

Niliingia kwa nyuma, nikaichukua, nikalala chini, nikajisukuma uvunguni kama gunia. Sanduku la bati liliniminya ubavu. Vumbi likaniingia puani. Niliona visigino vyake tu, vimepasuka, vinaning'inia. Nikasema nini sasa, mwanamke mzima wewe.

Mkono wake ukapapasa blanketi. Ukapapasa tena.

"Kofia," akasema. Visigino vikatulia. "Nani kachukua kofia?"

Nilikuwa nimeing'ata ile kofia.

Kitanda kikalia, ameinama. Halafu ile sauti, si ya mgonjwa, sauti ya mtu aliyetoka safari, matope mpaka magotini, na ana haraka ya kuoga: "Dorine. We Dorine. Dorine, lete kofia."

Karatasi ikachakarisha, ya korosho alizomletea Daimu. Moja ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka kwenye mkono wangu.

Nikasema, "Naam, Dadi."

"Usitoke kwanza," akasema, ameshusha sauti. "Kuna mwanamke humu ndani, mama mpishi. Simwamini hata kidogo. Spana zangu zote kabeba. Mimi macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Wewe ni mwanangu, niangalizie."

Nikamwambia nitamwangalia.